Aliyelala Kati ya Wajerumani

Richfield, Minnesota
14 Juni 2025

Shangazi Maombi,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, mguu wako wa kushoto umeacha kuvimba, na kuku wako hawajamalizwa na majirani. Mimi ni mzima. Theluji imekwisha, sasa tuko kwenye miezi ya mbu, na mbu wa huku wana bidii ambayo sijaiona hata Ruzizi. Kazi yangu ni ile ile ya nyumba ya wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawasukuma kwenye viti vyao vya magurudumu. Wananisimulia habari ile ile kila asubuhi, nami kila asubuhi nashangaa upya.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu haijibu. Tangu Pasaka kila ujumbe ninaomtumia Bonheur unabaki na alama moja tu. Najua mji umetekwa na mtandao unakatika, lakini mdogo wangu huyo hajawahi kunyamaza hata wiki moja. Mchungaji wetu anasafiri kwenda Kigali, amekubali kuifikisha barua hii kwa Héritière, yule muuza vitenge anayevuka mpaka. Naomba amkute.

Uliwahi kuniuliza kama nina marafiki. Sasa ninao, na utacheka. Kuna mzee mmoja pale kazini, Mzee Lindner, ambaye babu wa baba yake alitoka Ujerumani. Yeye na wenzake walikuwa wamekimbia nchi yao baada ya mapinduzi kushindwa, wakatua kusini, kwenye mto huu huu unaopita hapa kwetu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Amerika, wageni hao walikuwa wa mwanzo kuchukua bunduki upande wa serikali. Walijiandikisha kwa miezi mitatu. Amri walipewa kwa Kijerumani, na watu wa mji waliwatupia mawe njiani na kuwaambia warudi kwao. Mzee huyu ana chama cha wenzake wanaovaa sare za kikosi hicho na kuigiza vita vyake kwenye viwanja, watu wanakuja kutazama na watoto wao. Vijana wamewapungukia. Akaniambia, "Wewe mgeni, na wao walikuwa wageni. Njoo." Ndiyo maana ya picha ile niliyomtumia Bonheur siku ya Pasaka. Je, ilifika?

Msalimie sana. Mwambie anijibu, hata matusi nitayapokea.

Mtoto wako,
Yves

*

Bukavu
20 Julai 2025

Mwanangu Yves,

Barua yako imenifikia ikiwa imekunjwa ndani ya kitenge. Namshukuru Mungu kwa uzima wako. Mguu unavimba ukitaka na kupungua ukitaka. Kuku wamekwisha, usiniulize habari zao. Mahindi ya nyuma ya nyumba yametoa vizuri. Kanisa linajaa bado, ila siku hizi tunaimba kwa sauti ndogo.

Simu ya Bonheur usiitafute tena. Niliitupa chooni kwa mkono wangu.

Picha yako ilifika. Na wewe unajua desturi yetu, aliye ng'ambo akituma picha mpya inakuzwa na kutundikwa salon, ili mgeni akiingia amsalimie yeye kwanza ndipo aketi. Tulikutundika ukiwa na joho la shule, tukakutundika ukiwa kwenye theluji. Hii ya Pasaka Bonheur aliipeleka studio akairudisha ina upana wa meza ya chai, na fremu ya rangi ya dhahabu. Sare ya buluu, vifungo vya shaba, bunduki iliyokupita kimo. Majirani walikuja kukutazama. Nisikufiche, nilifurahi. Nilisema, mwoneni mtoto niliyemwogesha kwenye karai.

Kisha shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, akaja, akatazama, akaondoka bila kunywa chai. Kesho yake walikuja wenye bunduki, hao waliouteka mji. Komanda wao ni kijana mwenye adabu, akiingia anavua kofia. Akanyoosha kidole kwenye picha. "Huyu njo nani? Iko jeshi ya nani?" Nikamwambia ni mtoto wangu, yuko Amerika, kazi yake ni kuogesha wazee. Akatabasamu. "Mama, wazee banaogeshwaka na bunduki?" Halafu akauliza kama una ndugu wa kiume, na yuko wapi.

Picha waliibeba na fremu yake. Bonheur hayupo nyumbani. Zaidi ya hapo sitaandika.

Sasa nijibu kama unavyomjibu Mungu. Umeingia jeshi gani, na nani amekulipia nauli ya kurudi kupigana huku? Usiniambie ni mchezo. Watu wazima wenye ndevu hawachezi vita. Mimi nimeviona vita vikipita mbele ya mlango huu mara nyingi kuliko harusi, na sijamwona mtu aliyevivalia nguo kwa furaha. Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali unaponiambia kweli.

Ninaogopa, Yves. Usiku nalala na viatu.

Shangazi yako,
Maombi

*

Richfield
23 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Bwana asifiwe hata kwa hili. Barua yako niliisomea ndani ya basi nikashuka kituo kisicho changu. Hapa joto limepungua, wazee wawili wametutoka, na Mama Joyeuse wa kanisani amejifungua mtoto wa kike. Nakupa habari hizi kwa sababu naziahirisha hizo nyingine.

Nakuapia kwa kaburi la mama. Ni mchezo. Najua unavyosikika, hata mimi mwanzoni nilidhani wananifanyia mzaha. Ni walimu, ni fundi bomba, mmoja ni daktari wa meno. Jumamosi wanavaa makoti ya sufu kwenye jua kali, wanakunywa maji kwenye vikombe vya bati ili wafanane na watu waliokufa zamani. Gobore ile haina risasi, inawekwa baruti tupu, inatoa moshi na kelele. Mtu akiona zamu yake imefika anaanguka. Vita vikiisha wafu wote wanasimama, wanajikung'uta majani, wanakwenda kula soseji.

Wote wanaanguka isipokuwa mimi. Mzee Lindner amenibembeleza, anasema kijana mmoja akianguka vizuri watazamaji wanalia. Nimekataa kila mara, na sababu unaijua wewe peke yako. Sijamsimulia mtu hapa kwamba nikiwa mtoto nililala shambani kati ya baba na mama, nimefumba macho, nimejipaka damu yao, mpaka wale watu walipoondoka. Uliponikuta sikuamini kwamba naruhusiwa kusimama. Tangu siku hiyo nalala ubavu, sijalala chali hata kitandani. Naona nikijilaza chini tena kama maiti, safari hii nitachukuliwa kweli.

Nilipenda nini kwa Wajerumani hao? Nilipenda kusimama. Nilipenda mtu aniite mgeni kisha anipe nafasi kwenye mstari. Sikuwaza kwamba picha ina miguu ya kwenda hadi Bukavu.

Bonheur yuko wapi? Niandikie jina la mji tu. Kama wamemchukua niambie wamemchukua. Kunyamaza kwako kunanitisha kuliko wao.

Huku ni salama.

Yves

*

Bukavu
25 Septemba 2025

Mwanangu,

Mvua zimeanza. Paa linavuja palepale. Hongera kwa Mama Joyeuse. Barua yako nimeichoma baada ya kuisoma, na hii uichome.

Nimekuamini. Nimekuamini ulipofika kwenye habari ya kulala chali, kwa sababu huwezi kulitumia jambo hilo kusema uongo. Lakini mimi kukuamini hakutusaidii kitu. Nilijaribu kumweleza komanda. Nikamwambia Amerika kuna watu wanaovaa sare za marehemu na kufyatua moshi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, kisha akasema, "Mama, si uko mwalimu? Usinifanye mutoto." Wale aliokuja nao walicheka, yeye hakucheka.

Sasa anakuja kila wiki. Anakaa kwenye kiti cha marehemu mjomba wako, anakunywa chai, anautazama ule msumari uliobaki ukutani. Hapigi, hafoki. Maneno yake ni yale yale. "Mukubwa akitoka mu ile jeshi, mudogo tutamuacha. Asipotoka, mudogo ataingia mu yetu." Watoto wa majirani waliochukuliwa hivyo walipewa bunduki bila kufundishwa, wakatangulizwa mbele. Mwana wa shefu wa avenyu mwenyewe ni mmoja wao, na mama yake hajapata hata nguo yake ya kuzika.

Nimekuwa mtu wa kuimba sana. Komanda akikaa tu, naanza wimbo. Anadhani ni uzee. Kikohozi ni kibaya wakati huu wa mvua, na paa letu ni jembamba.

Yves, nitakuomba jambo nililoapa sitakuomba. Jilaze chini. Kwenye huo mchezo wenu, anguka, ulale chali na sare hiyo hiyo ya kwenye fremu, mtu akupige picha. Uso uonekane vizuri. Damu iwepo, kama wana rangi. Kisha iweke kwenye karatasi, usiitume kwa simu ya mtu yeyote.

Usiniulize ni ya kazi gani. Ulipokuwa mdogo hukuniuliza nilipokuambia ushike mkono wangu tukimbie.

Maombi

*

Richfield
19 Oktoba 2025

Shangazi,

Nimefanya.

Ilikuwa onyesho la mwisho kabla ya baridi, kwenye malisho nje ya Saint Paul. Siku hiyo waliigiza mapigano ambamo kikosi cha Wajerumani kiliona watu wenye sare za kijivu wanakuja. Upande wao pia walikuwapo askari wa kijivu, wakadhani ni wenzao. Wakashusha bunduki, wakawangoja na kuwapungia mkono. Wale wakasogea mpaka karibu kabisa, ndipo wakawapiga. Mzee Lindner anasema yule babu wa baba yake aliponea chini ya mkokoteni na mpaka anakufa hakuvaa tena nguo ya kijivu.

Nilimwambia Mzee kwamba leo nitaanguka. Alifurahi, akanipa chupa ya rangi nyekundu kwa mkono wake. Baruti zilipolia nilikuwa wa kwanza. Majani yalikuwa na baridi ya asubuhi. Nikalala chali, nikafungua mikono, nikasikia miguu ya watu inaniruka. Fundi bomba ndiye aliyepiga picha.

Kisha sikuweza kusimama, Shangazi. Vita vilikwisha, nikasikia wafu wenzangu wanaamka na kutaniana. Nikasikia watoto wanapewa peremende. Nilijua mahali nilipo, nilijua jina la barabara, na mwili ulikataa. Nilikuwa tena shambani, namngoja mama aanze kupoa. Mzee Lindner ndiye aliyejisukuma kwa kiti chake mpaka juu ya majani, magurudumu yakakwama, akaniita jina langu. Aliniita kwa upole, mara nyingi. Nilipofungua macho niliona analia. Hajaniuliza kitu mpaka leo.

Nakutumia picha mbili. Moja nimekufa. Nyingine nimesimama na soseji mkononi, nacheka, rangi bado iko shingoni. Sikuwa na cheko, nililitafuta kwa ajili yenu. Muonyeshe komanda zote mbili kwa pamoja, atakubali kwamba ni mchezo, na Bonheur ataweza kutembea.

Sitavaa tena sare ile. Nimeirudisha.

Yves

*

Richfield
22 Novemba 2025

Shangazi,

Sijui kama unaishi. Naandika hivyo hivyo, Héritière atajua la kufanya.

Jana jioni mlango ulibishwa. Huku siku hizi mlango ukibishwa hatufungui. Watu wa serikali waliofunika nyuso wanawachukua wageni majumbani na njiani, hata wenye karatasi wanasumbuliwa. Sikukuandikia hilo, niliona mizigo yako inakutosha. Nilizima taa nikakaa chini nyuma ya kochi. Wakabisha tena. Halafu nikasikia wimbo. Walikuwa wanaimba wimbo wa msiba, kwa Kiswahili chetu, kwenye korido ya watu.

Nikafungua. Alikuwa Mama Joyeuse na kichanga chake mgongoni, na nyuma yake wanawake wa kanisa wenye masufuria ya maharage. Walikuja kufunga chumba changu na kuchukua vitu vyangu wavitume nyumbani. Aliponiona aliachia sufuria. Wengine walikimbilia kwenye ngazi. Mama Joyeuse alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanifinya masikio, kisha akaketi sakafuni akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu utotoni.

Wanasema habari imetoka Bukavu. Wanasema matanga yamekaliwa nyumbani kwako, mimi nimeuawa vitani, na umenyoa nywele. Shangazi, umeniona kwenye picha ukasadiki? Si nilikuwekea ya pili, ninayocheka? Au ile ya pili imepotea njiani? Au waliokufa ni ninyi, na habari imebadilishwa majina?

Kwenye kioo najitazama mara kwa mara. Nilikuambia nikijilaza nitachukuliwa. Nijibu, ninakuomba. Andika neno moja tu na mwandiko wako.

Yves

*

Bukavu
10 Januari 2026

Mwanangu niliyekuzika,

Ninakusalimu polepole, kama mtu anayeongea karibu na dirisha. Mimi ni mzima. Nywele zinaota tena, zimerudi nyeupe tupu.

Picha zako zilifika zote mbili. Ile unayocheka niliichoma usiku ule ule kwenye makaa ya mbabula. Nisamehe. Ningemwonyesha yule kijana mtu aliyekufa kisha amesimama anakula, angesema tunamcheka, na kwa watu kama yeye hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Hawajui vita vya mchezo. Lakini maiti wanaijua.

Kwa hiyo nilibaki na moja. Nikaishika, nikatoka mpaka katikati ya avenyu, nikapiga yowe. Nilifikiri nitaigiza kama nyinyi na Wajerumani wenu. Nilipokuona umelala chali, mdomo wazi kidogo kama ulivyokuwa siku ile shambani kabla sijajua unapumua, kuigiza kulinitoka. Wanawake walinikuta chini. Walikaa nami siku zote za matanga, walikulilia kwa jina, walisimulia ulivyokuwa mtoto mpole. Sikumwambia hata mmoja. Kwa hilo nitaulizwa siku moja.

Komanda alikuja na sukari na mchele, akavua kofia. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Mukubwa ametoka mu jeshi." Akajibu, "Pole, mama." Kisha akauliza nani atapeleka habari kwa baba zako wadogo kijijini, ng'ambo ya mpaka, kwa maana kwa watu wake kama kwetu msiba haupelekwi na mdomo wa mgeni. Nikamwambia hakuna mwanamume katika nyumba hii isipokuwa mmoja, na huyo anaogopa kuja kumlilia kaka yake. Akasema aje alie.

Sasa naweza kukuandikia mahali alipokuwa. Alikuwa darini, Yves. Tangu siku waliyoibeba picha alikuwa darini, juu ya kiti cha mjomba wako, juu ya kichwa cha komanda na kikombe chake. Nilikuwa naimba ili kikohozi chake kisisikike. Alishuka jioni ile kupitia jikoni, nikamnyoa, akaingia salon mbele ya watu kana kwamba anatoka safarini. Miguu ilikuwa imesahau kumbeba, na watu walisema ni uchungu wa ndugu. Komanda mwenyewe alimwandikia ruhusa ya kuvuka. Héritière alimpitisha kesho yake asubuhi, kichwa kimenyolewa, hakuna aliyemsimamisha.

Bonheur yuko hai. Amefika kwa baba zako wadogo. Atakutafuta yeye, mpe muda, bado anaongea kwa kunong'ona. Mshukuru Mama Joyeuse, na umwombe na wale wote waliokuona wafunge midomo yao. Huku wana ndugu, na ndugu wana simu. Na wewe ukibishiwa mlango, baki nyuma ya kochi mpaka usikie wimbo.

Mimi sitavuka. Nyumba ikibaki tupu siku chache baada ya msiba, yule kijana ataanza kuwaza upya, na barua ya ruhusa aliyomwandikia Bonheur ina jina la kijiji alikokwenda. Bado anakuja. Ananiletea chumvi, anaketi, ananiuliza ulikuwa mtoto wa namna gani. Namsimulia. Ninamsimulia kweli yote, kwa sababu sina mtu mwingine wa kuzungumza naye habari zako.

Kwenye ule msumari nimetundika picha yako ya mwisho. Wageni wakiingia wanakusalimia wewe kwanza ndipo wanaketi.

Usinijibu barua hii. Mfuko wa Héritière umeanza kupekuliwa, na marehemu haandiki. Nami sitakuandikia tena, kwa sababu mama hamwandikii mtoto aliye kaburini. Kama una neno, mwambie Bonheur, naye akae nalo.

Lala ubavu, mwanangu. Kulala chali tayari umelala kwa ajili ya wote.

Ni mimi,
Maombi